Mbegu za Mguuni mwa Mama

Pembe ile niliivunja kwenye kizingiti cha mlango wangu mwenyewe, kule Ruti, pembezoni mwa Mbarara, mchana, majirani wakitazama. Sijutii. Angekuwa na nyingine ningeivunja na hiyo.

Nilikuwa narudi kutoka sokoni na beseni la nyanya zilizokosa mnunuzi. Kabla sijafika mlangoni nikanusa nta. Si ya mshumaa. Ni ile nta nyeusi ya nyuki inayopashwa juu ya makaa mpaka itoe moshi mtamu unaokwama kooni. Miguu yangu ilisimama kabla kichwa hakijaelewa kwa nini. Mara ya mwisho kunusa moshi huo ndani ya nyumba niliyokuwa nalala, mama yangu alikuwa hai.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa ameketi mkekani. Amemkumbatia binti yangu Riziki kifuani, mkono mmoja umembana tumbo, mwingine umemnyoosha mguu. Mbele yao amechuchumaa Muzee Pembe, mganga wa kule nilikokulia, shati jeupe limepigwa pasi, anapulizia makaa kwenye jiko langu. Kwenye kisahani changu cha chai palikuwa na wembe.

Riziki alikuwa hajafika hata miaka mitatu. Hakuwa analia. Alinitazama tu, kama mtoto anayengoja aambiwe kama huu ni mchezo.

"Usipige makelele, mwanangu," mama mdogo akasema. "Anamurudishia mufupa yake."

Muzee Pembe aliinua uso akatabasamu. Amezeeka, lakini tabasamu ni lile lile. "Karibu, mama Riziki. Nilikujua ungali mudogo hivi," akaonyesha kimo kwa mkono wenye pembe. "Mguu ya mama yako njo ilinifundisha mingi."

Ni hapo. Kama angenyamaza, labda ningemfukuza tu. Niliweka beseni chini taratibu, nyanya zisimwagike, nikamnyang'anya ile pembe mkononi, nikaenda nayo mlangoni na kuipigiza kwenye saruji mpaka ikapasuka. Donge la nta lililokuwa ndani likavunjika vipande. Ndani ya nta mkatoka vifupa viwili vikavu, vyeupe, kila kimoja kama punje ya haragwe. Vikabingirika mpaka kwenye mguu wa mama mdogo.

Muzee aliviangalia. Akaniangalia mimi. Kisha akaruka kizingiti akaondoka, wembe akiuacha kisahanini. Mama mdogo yeye hakutazama chini kabisa. "Umevunja kitu ya muzee," akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona maiti.

Ilianza na picha. Riziki aliteleza akaanguka mlangoni, akawa anachechemea. Nikampeleka kwenye kliniki moja mjini, wakampiga picha ya eksirei ya mguu. Daktari akasema hakuna kilichovunjika. Nikamwonyesha pale mbele ya goti, nikamuuliza mbona pako wazi, mbona sioni ile pia ya goti. Akacheka kidogo, akaniambia kwa umri wake bado ni laini, picha haiwezi kuiona, itakuwa mfupa kadiri anavyokimbia. Mwache akimbie, akasema. Nikarudi na ile picha nyumbani, nikaibandika dirishani, Riziki akawa anaionyesha kila mgeni: "Mguu yangu."

Mama mdogo alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Aliibandua akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu bila neno. Sisi tuliokaa karibu na Muzee Pembe tumefundishwa kwamba mwili ni nyumba isiyo na mlango, watu wanaingia na kutoka, wanaweka vitu, wanabeba vitu. Mimi niliona goti la mtoto. Yeye aliona fasi, mahali palipoibwa mfupa. Nikamweleza aliyosema daktari. Akanijibu kwamba munganga wa hapa anajua malaria, haya ni maneno ya kwetu. Nikadhani yameisha. Kumbe nilipokwenda sokoni alikuwa ameshapiga simu.

Ninyi mliokua na mimi kule Nakivale mtaniuliza kwa nini nilimvunjia mzee wa watu kitu chake, mbele ya watu, mimi niliyesoma. Basi nisikilizeni kuhusu mguu wa mama.

Mama alilima mashamba ya wengine, upande wa kuelekea Ngarama. Mgongo wake ulikuwa haukubali kuinama, kwa hiyo palizi ya maharagwe aliifanya amechuchumaa, kutwa nzima, mwili wote umebebwa na vidole vya miguu. Anasogea hatua, anachuchumaa tena. Jioni alikaa juu ya jerikani iliyopinduliwa, ananyoosha mguu wa kulia mapajani mwangu, nami ninampaka mawese na kumkanda. Hata leo nikifumba macho naupata mguu ule. Kisigino kimepasukapasuka kama tope la kando ya ziwa wakati wa kiangazi. Harufu yake ni vumbi na mawese. Na chini ya dole gumba, pale kwenye nyama nene, gumba langu lilikuta vitu viwili vidogo, vigumu, vya mviringo. Nikivibonyeza vinateleza. Nikiachia vinarudi.

"Mama, hii ni nini?"

"Acha hapo. Panauma."

Nilikuwa na umri wa kuanza shule. Nikalitafuta jibu mwenyewe, na nikalipata. Mama alikuwa na maneno mawili aliyopenda kuyasema kwa wageni. Moja, kwamba kule Kivu tulikimbia bila kubeba chochote: "Miye nilikuya na miguu tu." La pili lilikuwa juu ya maharagwe ya nyumbani kwao, mekundu yenye madoa meupe, mbegu ambayo bibi aliitunza kwenye chungu juu ya moshi, na ambayo Uganda hii hakuna soko utakamoikuta. Akiyataja yale maharagwe, sauti yake ilishuka. Mimi nikayaunganisha. Askari walikuwa wanapekua mizigo njiani, hilo nililijua, kila mtu kambini alilijua. Kwa hiyo mama alikuwa na akili kuliko wote. Mbegu alizificha ndani ya mguu. Ndiyo maana zinatembea chini ya ngozi, ni hai. Ndiyo maana panauma, zinataka kuota. Anangoja tu tupate kiwanja kizuri, maana kile tulichopewa kilikuwa mawe na vichuguu.

Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri ya kwanza kubwa maishani mwangu, na kila jioni nilizikagua mbegu zetu kwa gumba langu, nikalala nimetulia.

Nyumba yetu ilishikana na ya Mama Zawadi. Katikati palikuwa na bashi tu, ile turubai ya plastiki, na kwenye bashi tulikuwa tumekata tundu la kupitishia sahani. Mama Zawadi hakuwa na mume, na Zawadi mwenyewe alimzika njiani. Yeye na mama walipika sufuria moja. Aliyepata chumvi ameleta chumvi, aliyepata kuni ameleta kuni, wanakula sinia moja na mimi katikati yao. Mama akirudi kutoka shambani, vumbi mpaka nyusi, Mama Zawadi alimpokea kwa mzaha uleule kila siku: "Bwana yangu amerudi. Nani atamuletea maji?" Mama naye anakohoa kama mwanamume, anauliza chakula kiko wapi na mbona nyumba haikufagiwa. Walicheka mpaka majirani wakawaona wendawazimu. Sijawahi kuona ndoa yenye raha kama ile.

Msimu mmoja maumivu yalizidi, mama akawa anatembea kwa ukingo wa mguu. Watu wakasema aitwe Muzee Pembe. Mnamjua, ninyi nyote mnamjua. Alikaa kule karibu na ziwa, na kopo lake la vifupa alivyowatoa watu mwilini. Vya magoti, vya viwiko, vya shingo. Alivimimina kiganjani akavionyesha kama mtu anayeonyesha vyeti.

Alikuja asubuhi. Akapasha nta kwenye makaa yetu. Akamchanja mama chini ya dole gumba, mistari midogo, damu ikatoka kidogo tu. Akaweka pembe, ncha ya pembe ya ng'ombe wa Ankole yenye tundu kileleni, akanyonya hewa kwa mdomo na kuliziba tundu kwa nta kwa ncha ya ulimi. Pembe ikasimama peke yake kwenye mguu wa mama. Tukangoja. Muzee akapiga hadithi za kuchekesha juu ya mwanamume mmoja aliyetolewa kifupa makalioni. Hata mama alicheka. Kisha akaivuta pembe, ikalia kama chupa inayofunguliwa, akaimwaga sahanini. Ndani ya damu kulikuwa na kifupa kimoja cheupe.

Watu walishusha pumzi. Muzee akakiosha, akakigeuza mwangani, akamuuliza mama taratibu, karibu kwa huruma: "Mama, weye unakulaka na nani?"

Muzee akakirudisha kifupa sahanini, akaendelea:

"Mutu ya mbali hawezi kuingiza mufupa. Inapitaka mu chakula."

Mama aliitazama damu. Halafu akalitazama lile tundu kwenye bashi. Hakuna aliyetaja jina, na hapakuwa na haja.

Tangu jioni ile tulikuwa na sufuria yetu. Mama alinituma nizibe tundu kwa tambara. Upande wa pili Mama Zawadi akaita, bado anacheka: "Bwana yangu, leo hukuli?" Akaita tena bila kucheka. Kisha tukasikia kijiko chake kikikwangua sufuria, peke yake, na mama akaniambia nile haraka nilale.

Na mimi? Mimi nilifurahi. Mbegu imetoka. Muzee alikuwa amekitupa kifupa uani, akaondoka na blanketi letu kama shukrani, mimi nikakiokota nikakipanda nyuma ya nyumba, pale tulipomwaga maji ya kuogea. Nilikimwagilia kila siku. Nilitaka kumshtua mama kwa maharagwe ya bibi.

Maumivu hayakuisha. Yangeishaje? Vile vitu viwili vilikuwa palepale, havijaguswa. Muzee akaitwa tena. Safari hii, kabla ya kupasha nta, alibonyeza kwa gumba lake mwenyewe, na nikauona uso wake ukibadilika. Alivikuta. Nafikiri miaka yote alikuwa anawatoa watu vifupa alivyokuja navyo, na siku ile kwa mara ya kwanza akakuta vya kweli ndani ya mtu, akauamini uongo wake mwenyewe. "Bamerudisha," akasema. "Tena mbili." Jasho lilimtoka.

Pembe hakuigusa. Alichukua wembe uleule akakata. Wanawake wawili walimshika mama mabega na mama mdogo akamshika mguu. Mama alikuwa ameng'ata kanga, sikusikia kelele, nilisikia tu pua. Muzee alichimba mpaka akatoa kimoja, akakiweka sahanini. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa cha rangi ya waridi, na kilikuwa na uzi. Uzi mweupe, mgumu, uliokatika. Nilitaka kumwambia mtu kwamba hiki si kama kile cha kwanza. Hakuna aliyemtazama mtoto.

Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau, halafu ukawa na rangi ambayo sitaitaja. Nyumba ilinuka. Mama mdogo alikuja akakaa nasi, akachoma majani, lakini harufu ile ilijua kupita. Siku moja Mama Zawadi alisimama mlangoni na beseni la maji moto ya chumvi. Alisema kwa heshima tu: tumbebe mpaka dispensari, mimi nitashika upande mmoja. Mama aliisikia sauti. Kutoka ndani, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akasema: "Asiniguse. Mufukuzeni."

Mama Zawadi hakuondoka mara moja. Alisimama na beseni mpaka mvuke ukaacha kupanda. Akayamwaga maji taratibu kando ya mlango wetu, akaenda zake.

Walipombeba mama kumpeleka hospitali ya mjini, alikuwa hasemi tena. Alirudi nyuma ya lori, amefungwa shuka.

Tulimzika mlimani, kwenye udongo mgumu uliopigwa kwa sururu. Watu walilia. Mama mdogo alianguka akashikwa. Mimi sikulia, na kambi nzima ilinisema kwa hilo, kwamba mtoto yule ana moyo wa jiwe. Hawakujua nilichokijua. Mguu wa kushoto wa mama ulikuwa haujaguswa. Mbegu zake mbili, ambazo nazo niliwahi kuzipapasa, zilikuwa bado zimo. Nilipoona wanamshusha udongoni na kumfukia, nikajisemea, sasa wamempanda vizuri. Kilichobaki ni mvua.

Mvua ilinyesha. Nilipanda mlimani kila nilipopata nafasi. Iliota nyasi tu, kama mahali pengine popote. Nikashuka nyuma ya nyumba nikafukua kile kifupa nilichokuwa nimekimwagilia. Kilikuwa vilevile. Hakina mzizi, hakina ufa, udongo haukukifanya chochote. Nilikishika kiganjani nikaelewa kwamba mama hatarudi, na kwamba hakuna mtu aliyekuja na mbegu kutoka nyumbani. Ndipo nikalia, na hapakuwa na mtu wa kuniona.

Mama Zawadi walimfukuza wiki zilezile. Walichana bashi lake, wakaikanyaga sufuria yake mpaka ikawa bapa. Mama mdogo alikuwa miongoni mwao. Nilimwona kwa macho yangu.

Na mama mdogo huyohuyo alinilea. Hapo ndipo penye ugumu wa maisha yangu, naomba muuelewe. Alilala njaa nikala. Aliuza kitenge chake cha harusi nikabaki shuleni. Ningefungua mdomo kusema nini? Muzee Pembe tulimkuta sokoni, mama mdogo akanigusa bega nikamwamkia kwa mikono miwili. Miaka mingi nilimwamkia kwa mikono miwili.

Ukweli niliupata jikoni. Likizo za shule nilikuja Mbarara kumsaidia mama mmoja Mwislamu aliyeuza supu ya miguu ya mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kuichoma manyoya, kuikwangua na kuichanganua ikishaiva. Siku moja, nyuma ya kiungo cha mguu wa mbuzi, ndani ya ule mshipa mgumu, kisu changu kikagonga kifupa kidogo. Nikakitoa. Nikakiosha. Kando yake kulikuwa na kingine, na kwenye kila mguu wa mbuzi uliokuwa kwenye sufuria ile walikuwepo ndugu zao. Vyeupe, vya mviringo, kama punje za haragwe, sawasawa na kile nilichokipanda nyuma ya nyumba. Yule mama akaniuliza kwa nini nimekaa chini. Nikamwambia ni joto.

Kilichobaki nilikipata darasani. Mwalimu wa biolojia alichora goti ubaoni, akaeleza kwamba iko mifupa midogo inayoota ndani ya kano, ile mishipa inayofunga msuli kwenye mfupa, mahali kano inapopita juu ya kiungo. Inaikinga isilike, na inaupa msuli nguvu ya kuvuta. Kubwa kuliko yote ni pia ya goti. Mingine iko kwenye gumba la mkono, na miwili iko chini ya dole gumba la mguu, ya kubeba uzito wa mtu anapoinuka. Akasema wataalamu wa zamani waliipa jina la simsim, yaani ufuta, kwa kuwa waliiona inafanana na mbegu.

Nilivua kiatu chini ya dawati nikabonyeza. Ilikuwepo. Ikateleza, ikarudi. Nilikuwa nayo siku zote. Wote mle darasani walikuwa nayo, na mwalimu, na Muzee Pembe mwenyewe alikuwa anaitembelea kila siku akienda kuwakata wenzake. Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Lakini tangu siku ile sijawahi kupoa kabisa.

Sasa mnajua nilikuwa nasikia nini pale mlangoni, na ile nta. Aliyemshika mama mguu alikuwa amemshika binti yangu mguu. Safari hii haikuwa kutoa. Muzee alitaka kulipasua goti la mtoto na kumtia ndani kifupa cha mbuzi.

Polisi wa Ruti waliniambia nishtaki kule mtu anakokaa. Nikaenda Nakivale, Riziki mgongoni, vile vifupa viwili ndani ya kiberiti, na wembe wake ndani ya karatasi. Ofisa pale kituoni alikuwa Mganda mnene mwenye usingizi.

"Nyabo," akaniita, yaani bibi, "huyu mzee nakuja hapa kwanza, mbele yako. Nasema wewe navunja kitu yake ya kazi."

"Nimevunja."

Akaacha kusinzia. "Sasa wewe nataka nini?"

"Kumshtaki."

"Maneno ya uchawi sisi hapana andika."

"Sikuja na uchawi, afande. Nimekuja na wembe."

Akakuna shingo, akauliza mtoto amekatwa wapi. Nikamwambia hajakatwa, niliwahi. Akasema basi hakuna kesi. Nikamweleza juu ya mama. Akasema hiyo ni zamani sana, mimi nilikuwa mtoto, ni nani mwingine aliyeona. Nikamwambia yupo jirani, aliyesikia kupitia bashi na kuja mlangoni kwetu.

Nilimkuta Mama Zawadi mwisho kabisa wa makazi, nyumba ya mwisho kabla ya malisho ya ng'ombe. Alikuwa anapalilia, ameinama. Alininyanyulia uso, akaangalia paji la uso wangu, akaangusha jembe.

"Mutoto ya bwana yangu," akasema.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimpa Riziki ampakate ili nipate kitu cha kufanya na mikono. Kisha nikamfungulia kiberiti, nikamweleza yote. Miguu ya mbuzi, kano, simsim, picha. Alisikiliza huku akivigeuzageuza vile vifupa kwa ukucha.

"Mama yako alikufa akijua ni miye."

Ningeweza kumtuliza. Alistahili ukweli. "Ndiyo, mama. Alikufa hivyo."

Akafunga kiberiti. Riziki akaanza kumvuta sikio. "Basi ngoja ninawe miguu," akasema. "Twende."

Mama mdogo alikuwa amesimama nje ya kituo tulipofika, chini ya mwavuli. Mtu alikuwa amemwambia. Alimwona Mama Zawadi akageuzia uso barabarani. Hakuingia, na hakuondoka. Ndani, ofisa alinipa karatasi niandike maelezo, akaniuliza ni nani aliyemshika mtoto mguu. Kalamu ilinielemea mkononi kama jembe. Kupitia mlangoni niliona ncha ya mwavuli wake. Nikaandika jina lake lote.

Ofisa alisoma mpaka mwisho akasema ile sehemu ya mwisho niifute, hiyo si kosa la jinai, polisi haina la kufanya nayo. Nikamwambia iache. Akasema faili litaonekana la kijinga. Mama Zawadi, ambaye hajui kusoma, akamuuliza imeandikwa nini. Akasomewa. Alivuta kikopo cha wino kilichokuwa mezani, akalikandamiza gumba lake kwenye karatasi, akaliacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka ofisa akamwambia imetosha, jaja, yaani bibi.

Kule niliandika kwa Kiingereza. Kwa lugha yetu ni hivi:

Mimi, mama mzazi wa Riziki, ninamshtaki mzee ajulikanaye kama Muzee Pembe kwa kuingia nyumbani kwangu na wembe ili ampasue mtoto wangu goti. Mtoto alikuwa ameshikwa na mdogo wake mama yangu, aliyenilea, nami nimemtaja kwa jina. Pia ya goti la mtoto haikuibwa. Haijawa mfupa bado, na picha ya kliniki imeambatanishwa. Ninamshtaki pia kwa kumkata mguu marehemu mama yangu, akafa kwa kidonda hicho. Vifupa vilivyomo ndani ya kiberiti hiki ni vya mbuzi. Kile alichokichimba mguuni mwa mama kilikuwa cha mama mwenyewe, na kila atakayesoma karatasi hii anacho. Nakiri kuvunja pembe. Ninaomba mzee huyu azuiwe kumgusa mtu kwa wembe tena, popote katika makazi haya. Na ninaomba iandikwe hapa, kisha isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa wakazi, kwamba shahidi wangu Mama Zawadi hakumtumia mama yangu mfupa wowote. Walikula sufuria moja, nami nilikula nao, na chakula kilikuwa kizuri.